Pini Kwenye Waya wa Mtani

Nyumba kumi na moja katika mtaa wetu, huku nyuma ya Tandika, bado zinaangalia televisheni kwa waya wangu. Kabla ya hapo zilikuwa zimebaki kumi na sita. Zile tano ziliondoka siku moja, kwa pamoja, na mtaani wanasema zimehamia kwenye ving'amuzi kama watu wengine. Sijawahi kuwakatalia. Leo nimeamua kuandika zilivyoondoka kweli, maana aliyeziondoa ni mimi, ingawa mkono uliokata waya haukuwa wangu.

Vijana wanadhani waya huo ulikufa zamani. Mitambo ya analojia ilipozimwa, watu waligeuza antena zao kuwa za kuanikia nguo, na kila mtu akasema sie wa kebo tumekwisha. Hatukuisha. Juu ya paa langu kuna madishi mawili yaliyoota kutu, na chini yake kuna chumba kilichokuwa stoo ya mkaa ambamo nimepanga ving'amuzi vyangu mwenyewe, kila kimoja kimefungwa kwenye chaneli moja. Vyote vinamwaga picha kwenye waya mmoja mweusi unaotokea dirishani. Huko nje unapita juu ya mabati, unafungwa kwenye mpapai wa huyu, unavuka uchochoro, unaingia kwa yule. Mwenye TV ya chogo, ile nene ya zamani, anachomeka nyuma, basi. Hana kadi, hana rimoti ya pili ya kupotea chini ya makochi. Wajane, wastaafu, kinyozi mmoja, mama mmoja wa genge. Hao ndio watu wangu.

Waya hautoki kwangu kwenda kwa kila mtu peke yake. Unakwenda nyumba kwa nyumba, wa mbele anamlisha wa nyuma. Baada ya nyumba kadhaa picha huchoka, na hapo inabidi kuweka busta, kijisanduku cha kuiongezea nguvu. Busta linataka umeme. Basi desturi yetu tangu mwanzo ni hii: anayekubali busta likae kwake na litumie umeme wake, anaangalia bure, na wa nyuma yake wanamheshimu kama balozi wa nyumba kumi, maana akichomoa tu, wote wanabaki na chenga, zile punje nyeupe kwenye kioo.

Busta la pili lilikaa kwa mtani wangu. Nyuma yake zilikuwa nyumba nne.

Mimi ni Mngoni, yeye alikuwa Mhehe. Babu zetu walipigana vita, wakachoka kuzikana, wakabaki kutaniana, na sisi tukairithi kazi hiyo. Alikuwa karani mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya kusoma majina kwenye foleni. Tulikaa ukuta kwa ukuta zaidi ya miaka ishirini, na sikumbuki asubuhi aliyonisalimu kama mtu mwenye akili zake.

"Mngoni, upo? Nilidhani umekimbia tena, kama babu yako."

"Babu yangu alikuwa anamkimbiza wa kwako. Walikuwa wanazunguka kilima, ndiyo maana mkaona mgongo wake."

Mke wangu alikuwa anacheka jikoni. Yeye ndiye aliyekuwa anamtumia chai ng'ambo ya ukuta, na mke wa mtani alikuwa anarudisha kikombe kikiwa na kitu ndani yake, limau au bamia mbili tatu. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa siku ya mechi ya watani wa jadi. Kwa mwenye kebo, mechi ile ni mtihani wa taifa. Ikikatika picha siku hiyo, utatukanwa na watu ambao hawajawahi kukutukana. Tangu asubuhi mke wangu alikuwa analalamika kichwa.

"Kinanigonga huku nyuma," aliniambia, akishika shingo.

Nikamwambia anywe maji, alale. Nilikuwa natafuta bisibisi.

Mpira ulipoanza tu, busta la kwa mtani likazimika. Nikakimbia na ngazi, nikapanda juu ya paa lake, kwa sababu waya wa umeme wa busta ulipita chini ya kenchi za paa na panya walikuwa wameutafuna. Mtani alishika ngazi chini. Kutoka nyumba za nyuma watu walikuwa wanapiga miluzi. Mpangaji wetu, dada mmoja wa chumba cha mbele, akaja mbio.

"Baba, mama anakuita. Anasema hajisikii vizuri kabisa."

"Mwambie avumilie kidogo," nikasema bila kugeuza shingo. "Narekebisha chenga, nakuja sasa hivi."

Mtani akaniita kutoka chini. Hakutumia jina la utani. "Bwana wee, shuka uende. Picha itasubiri."

"Shika ngazi," nikamwambia.

Picha ikarudi. Nyumba nne zikashangilia kwa mara moja, na nikajisikia mtu mkubwa. Nikashuka. Ningeweza kwenda nyumbani hapo hapo. Kutoka mlango wa mtani hadi wangu ni hatua zisizozidi arobaini. Badala yake nikasimama sebuleni kwake nikaangalia bao likirudiwa. Mara ya kwanza kwa mbele, mara ya pili kwa nyuma ya goli, mara ya tatu pole pole. Hilo la kurudiwa pole pole ndilo ninaloliota.

Nilimkuta amekaa chini jikoni, ameegemea ndoo ya maji, mkono mmoja umekunjika kifuani na mdomo umekwenda upande. Alikuwa anajaribu kuniambia kitu. Tulimpakia kwenye bajaji mimi na mtani. Alifika hospitali ameshakata roho.

Msibani, siku ya pili, turubai likiwa limejaa, watani wakaanza kazi yao. Kwetu hilo si jambo la ajabu. Mtani anaruhusiwa kulala njiani jeneza lisipite, kumuigiza marehemu, kudai fidia, na mfiwa hana haki ya kukasirika. Ukikasirikia utani wewe ndiye mkosaji. Nilijua yote hayo. Nilishawafanyia wengine misibani kwao.

Mtani wangu akatokea amevaa ovaroli langu, alilolichomoa kwenye kamba. Waya wa kebo ameuvingirisha shingoni kama skafu. Ameshika bisibisi yangu. Akaegemeza ngazi yangu mwenyewe kwenye nguzo ya turubai, akapanda ngazi mbili, akaanza kukaza hewa. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema neno. Halafu akageuza shingo, akaita kuelekea kwenye jeneza kwa sauti yangu, na alinipatia sawasawa:

"Mama weee, vumilia kidogo! Narekebisha chenga, nakuja sasa hivi!"

Turubai liliangua kicheko. Kina mama walijipiga mapaja. Mwanangu, aliyekuja kutoka Sinza na macho mekundu, alicheka mpaka akakaa chini. Hawakujua. Kwao ilikuwa ni mimi yule yule wa kila siku, mtu wa ngazi na chenga. Watu watatu tu ndio waliojua kwamba maneno yale yalisemwa kweli, na lini: mpangaji wetu, aliyekuwa jikoni akipika, mtani, na mimi.

Nililia. Tangu mke wangu afe nilikuwa sijalia, na watu walishika mabega yangu wakasema afadhali, afadhali ametoa. Walidhani ni uchungu. Ilikuwa hasira. Nilimwangalia mtani akishuka kwenye ngazi yangu, akivua ovaroli langu na kulikunja vizuri, nikasema moyoni: wewe nitakulipa.

Nataka nisijipambe. Nilijua, hata siku ile, kwamba sikumchukia kwa sababu alinitania. Nilimchukia kwa sababu alikuwepo. Aliniambia nishuke, sikushuka, na mtu aliyeliona hilo anakaa ukuta kwa ukuta na mimi, ananiita kila asubuhi. Lakini kujua kitu na kukiacha ni mambo mawili. Nilitaka neno moja kutoka kwake. Samahani. Nilitaka aje, avue kofia, aseme mtani, siku ile nilipitiliza. Na kwa kuwa desturi hainiruhusu kumdai, niliamua kumdai kwa njia ya waya.

Kumkatia nisingeweza. Nikimkata yeye, angechomoa busta, na wanne wa nyuma wangekosa picha. Tena angejua. Nilichukua pini ya fundi cherehani, nikakikata kichwa chake kwa koleo. Waya wa kebo ndani una shaba katikati, inayozungukwa na plastiki nyeupe, halafu wavu wa waya, halafu ngozi nyeusi. Ukiingiza pini ikagusa wavu na shaba kwa pamoja, picha inakufa kabisa, na fundi yeyote ataitafuta mpaka aione. Ukiisimamisha nusu, ikawa inaigusa shaba pale tu upepo unapoutikisa waya, picha inabaki hai lakini inaugua.

Niliisimamisha nusu. Ilikuwa Jumapili, wao wakiwa misa ya pili. Nilipanda kwenye paa lake na ngazi ile ile, nikachagua kipande cha waya kinachoingia sebuleni kwake tu, nyuma ya pale unapogawanyika kwenda kwa wale wanne, nikaichoma, nikazungushia tepu nyeusi. Nilishuka nimetulia kama mtu aliyetoka kuungama.

Alasiri ile akaniita ukutani.

"Mtani! Chenga!"

"Chenga gani?"

"Nyeupe. Zinaanguka kama mvua ya mawe ya kwetu. Njoo uone, tumevaa masweta."

Nikaenda. Nikapanda. Nikaivuta pini kidogo, picha ikakaa vizuri, nikasikia akishangilia ndani. Nikasubiri muda wa kumaliza sigara, nikairudisha, nikashuka.

"Mtani," akaniambia siku nyingine, "mikono yako ina baraka ya dakika tano."

Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yangu kwa miaka mitatu. Sitasema uongo, ilikuwa starehe. Wengine wanafuga kuku wakizeeka. Upepo wa kusi ukianza kuvuma, nilikuwa nakaa kwenye kibaraza changu nikisikiliza ng'ambo ya ukuta. Tamthilia inafika pale binti anapotaka kusema mimba ni ya nani, upepo unapiga, na sauti ya mtani inalalamika, "Aaa, bwana, sasa hivi tu!" Nami nakunywa chai yangu. Taarifa ya habari, chenga. Misa ya Pasaka kwenye TV, chenga. Mechi ya watani wa jadi, mvua ya mawe dakika zote tisini. Kila siku nilimpa nafasi. Nilimtembelea, nikakaa, nikamwangalia usoni, nikangoja aseme lile neno. Alisema kila neno isipokuwa hilo.

Mtaa ulikuwa unahama. Kila mwezi nyumba moja ilinirudishia waya, kwa adabu, wakiwa wameninunulia na soda. Watoto wa mtani, ambao wana kazi nzuri, walikuja mara mbili kumshawishi. Mkubwa wao anakaa Segerea na ana gari.

"Shikamoo baba," alinisalimu mlangoni, akiona haya kwa ajili ya kazi yangu. "Tunataka kumtoa mzee kwenye hizi chenga."

"Marahaba. Mtoeni," nikamwambia. Moyoni nilisema, akitoka na deni langu halijalipwa, nitamfuata wapi?

Mtani alikataa. Nilimsikia akiwafokea. "Nikihama mie, hao wanne wa nyuma wataangalia ukuta? Busta liko kwangu. Na huyu Mngoni mkimnyima ngazi atarudi kuiba ng'ombe." Wote wakacheka. Nikacheka na mimi.

Halafu akaanguka. Kiharusi. Upande wa kushoto ulikufa, mkono ukakunjika kifuani, mdomo ukaenda upande. Mkewe alimtengenezea kitanda sebuleni, mbele ya lile chogo, kwa sababu hakuwa na pa kwenda tena.

Hapo mtu mwenye utu angepanda juu akaitoa pini. Nimeandika sentensi hii nikaifuta mara kadhaa, nikitafuta njia ya kuiandika inayonihurumia. Hakuna. Nilikwenda kumjulia hali kila jioni, nikakaa kwenye kiti cha miguuni pake, na kwenye kioo chenga zilikuwa zinaanguka. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu.

"Mpira uko wapi?" alikuwa akimuuliza mkewe, maneno yakitokea upande mmoja wa mdomo.

"Kulia, baba. Unakwenda kulia."

"Nani anao?"

"Sioni vizuri. Weupe wote ni mmoja."

Nami nikacheka, nikamwambia, "Wahehe nyie hata macho yenu hukimbia." Akacheka, mate yakimtoka, mkewe akamfuta.

Siku moja mkewe alipotoka kwenda gengeni, nilishindwa. Nilimwambia, "Mtani, ile siku ya msiba wangu ulinichoma."

Aligeuza kichwa pole pole. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Nilikuchoma ili ulie. Ulikuwa umekaa kama gogo tangu tumtoe hospitali. Hunywi maji, hulii. Nikasema huyu atamfuata mkewe." Alipumzika kidogo, kuzungumza kulikuwa kunamchosha. "Neno dogo lisingekuliza. Nikachukua kubwa."

Hiyo ilikuwa zaidi ya samahani. Najua sasa. Wakati ule nilisikia tu kwamba alifanya kusudi. Alasiri ile ile nilipanda juu ya paa, nikisema nakwenda kutazama waya, nikaisukuma pini ndani kidogo zaidi.

Alikufa asubuhi moja ya katikati ya wiki, mkewe akimpa uji. Nilipofika, alikuwa ameshafunikwa, na lile chogo lilikuwa linawaka, limejaa chenga, hakuna aliyekumbuka kulizima. Nikalizima mimi.

Sasa ilikuwa zamu yangu. Mtaa mzima ulijua. "Leo Mngoni atatuua," walisema, wakipanga viti. Nami kwa miaka mitatu nilikuwa nimeshayatunga maneno yangu. Niliyapiga msasa juu ya mapaa. Yalikuwa maneno ambayo mkewe na watoto wake wasingeyasahau, na desturi ingenilinda kama ilivyomlinda yeye. Jino kwa jino, mbele ya turubai, na kicheko juu yake.

Nilitoa TV lile la chogo nje, nikaliweka kwenye mkeka. Nikachukua blanketi lake, nikalala mbele ya TV kama yeye. Nikakunja mkono wa kushoto kifuani. Nikapindisha mdomo.

"Mpira uko wapi?" nikauliza kwa sauti yake.

Turubai likalipuka. Mkubwa wake wa Segerea alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mke wa mtani, ambaye hakuwa ameinua uso tangu asubuhi, aliinua uso akacheka, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akaniangalia kama mtu aliyepewa maji. Na mimi pale chini, mdomo umepinda, mkono umekunjika, nikatambua sura niliyokuwa nimeivaa. Haikuwa ya mtani peke yake. Mtu niliyemkuta ameegemea ndoo ya maji alikuwa na mdomo huu huu.

Yale maneno niliyoyatunga yakapotea yote. Nikakaa.

"Ndugu zangu," nikasema kwa sauti yangu, "waya wa huyu mtu haukuwa mbovu. Mie ndiye niliyempigia pini. Miaka mitatu. Nilipanda pale juu wakiwa kanisani."

Watu wakatazamana. Kisha shangazi yake, bibi mmoja mnene aliyetoka Iringa, akapiga kelele, "Hee! Wangoni jamani!" na watu wakaanguka.

"Nasema kweli."

"Eti anasema kweli!" mtu akarudia nyuma, akipiga makofi.

Nikachukua ngazi. Nikapanda juu ya paa mbele yao wote, nikafungua tepu, nikaichomoa pini, nikaishika juu waione. "Hii hapa!"

"Kaja nayo mfukoni, huyo!" akaita kinyozi. "Kajipanga!"

Walicheka mpaka mwenye kuongoza sala akaomba tuheshimiane. Wakanifukuza kwa jogoo mwekundu, kama desturi inavyotaka, mtani hupewa kitu ili akome. Nilikwenda nyumbani na jogoo kwapani. Kosa langu nililisema mbele ya mtaa mzima, na mtaa mzima ukanipa zawadi.

Baada ya matanga, Jumamosi moja asubuhi, mke wa mtani alikuja kwangu na bakuli lililofunikwa.

"Shemeji, nimekuja kukushukuru."

"Kwa lipi, shemeji?"

"TV. Jana ndiyo tumeiwasha. Inang'aa mpaka jasho la wachezaji naliona! Sikujua lile chogo lina rangi zile. Umebadilisha nini?" Alitikisa kichwa, akitabasamu. "Ungewahi kidogo tu, mwenzio naye angeona."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, nimeweka busta jipya. Ungetosha. Angekwenda zake, nasi tungezeeka ukuta kwa ukuta tukipeana mandimu.

"Nilisema msibani," nikamwambia.

"Ulisema nini?"

"Pini."

Akacheka. Alicheka kweli, kicheko kile kile cha msibani, kisha akaniangalia, na kicheko kikaanza kupungua, kikaisha akiwa bado mdomo wazi kidogo.

"Alipokuwa ananiuliza mpira uko wapi," akasema pole pole, "wewe si ulikuwa umekaa pale pale?"

"Nilikuwepo."

"Ukawa unacheka."

"Nilicheka."

Aliliangalia bakuli mikononi mwake kama hakumbuki limetoka wapi. Hakunitukana. Nilitamani anitukane, mimi mwenyewe ningemsaidia maneno.

"Watoto walimletea TV ya flati," akasema. "Na king'amuzi. Vimekaa kwenye maboksi mwaka mzima chini ya kitanda. Mbele yenu alikuwa anafanya utani wa ng'ombe. Sisi tulipobaki wenyewe alituambia, tangu mkewe afe, yule hana anapokwenda. Anakuja kutengeneza chenga, anakaa. Mkizimaliza chenga, atakuja kwa sababu gani?"

Akaondoka na bakuli lake.

Kesho yake asubuhi, mlangoni kwangu, nilikuta waya. Ulikuwa umekatwa pande zote mbili, pale unapoingia kwenye uwanja wake na pale unapotokea kwenda kwa wale wanne, ukaviringwa vizuri kama ukili. Juu yake lilikuwa busta la pili, limefunikwa kwa kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe miaka ile, kulikinga na vumbi. Kabla ya saa nne wale wanne wa nyuma walikuwa wamekuja mmoja mmoja kuuliza kulikoni, na mimi sikuwa na njia nyingine ya kuwafikishia. Kulia ni mtaro, kushoto ni ukuta wa gereji. Mpaka jioni walishapata ving'amuzi.

Jogoo sijamchinja. Analala stoo, juu ya waya ule ulioviringwa. Pini nimeichoma kwenye kalenda. Zile nyumba kumi na moja bado zinanihitaji, kwa hiyo bado napanda ngazi, ingawa hakuna wa kuishika.

Nilimngoja mtani miaka mitatu aseme neno moja. Sasa nimekuwa namngoja mkewe, na nikimsalimu, ananiitikia kama anavyomuitikia mpita njia. Siku ya mechi ya watani wa jadi watoto wake wanajaa kwake na magari yao. King'amuzi chake kinapokea picha mapema kuliko vyangu, sekunde chache tu. Nasikia ng'ambo ya ukuta wakishangilia bao, nami nimekaa mbele ya chogo langu, mpira bado uko katikati ya uwanja, nangoja lifike.